Habari za Watu Waliochora Nchi Waliyoitembea

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kuwaletea habari za kale. Lakini habari hizi hazianzi kwa wafalme wala kwa vita. Zaanza kwa karatasi moja ya mtoto wa shule.

Tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya Kibondo, tuliwaambia watoto wa darasa la tano wachore picha ya kwao. Watoto walikuwa 43. Tulipozikusanya karatasi tukastaajabu, maana zaidi ya nusu walikuwa wamechora mnazi, na bahari, na jahazi lenye tanga. Wala hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyepata kuiona bahari, na mnazi si mti wa vilima vyetu. Waliutoa katika kitabu cha kusomea, wakadhani kwamba picha ni lazima iwe na mnazi, kama vile barua ilivyo lazima iwe na salamu.

Msichana mmoja hakuchora mnazi. Alichora kilima, na juu yake mawe matatu ya kusagia, na mkuyu mmoja, na migomba iliyomea ovyo. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Tukamwuliza, "Watu wako wapi?" Akajibu, "Hawapo, Mwalimu. Ni kwao bibi, mahali walipokaa kabla hawajahamishwa." Tukamwambia kwamba tulitaka picha ya nyumbani anapolala, si ya porini, tukampa alama ndogo. Karatasi zile zikakaa kabatini kwa muda, kisha zikatumika kuwashia moto jikoni.

Baada ya majuma machache bibi yake akaja shuleni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na fimbo mkononi. Akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nasi tukampa kiti. Akasema, "Waalimu, nimekuja kuiona ile karatasi. Mimi ndiye niliyemweleza mtoto mahali pa mawe na mahali pa mti. Nataka kuwaonyesha ndugu zangu kabla sijafa." Hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha, tukamwambia kweli yote. Akanyamaza kitambo, kisha akainuka, akashika njia ya kurudi kwake.

Jambo hilo halikututoka moyoni. Tukaanza kujiuliza: Je, ni nani waliopata kuichora nchi hii ya Buha na pwani ya ziwa lake? Walipita njia gani, na waliona nini? Hayo tuliyoyapata vitabuni na kwa wazee ndiyo twayaandika hapa.

Kwanza tuwaeleze wageni hali ya nchi. Kibondo na Kasulu ni nchi ya juu, yenye vilima na mabonde, na miti ya miombo, na udongo mwekundu. Upande wa mashariki nchi hushuka mpaka mabwawa makubwa ya Moyowosi na Malagarasi. Upande wa magharibi hushuka kwa ghafula mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako mita 773 hivi juu ya bahari, na kina chake chafika mita 1,470. Hapo kale nchi hii ilikuwa na Bami wake, katika Heru, na Muhambwe, na Buyungu, na penginepo. Mtu atembeaye leo nje ya njia kuu hukuta mahame mengi: mawe ya kusagia, vigae vya vyungu, migomba iliyogeuka ya mwitu. Mahame mengine ni ya miaka ya 1930, serikali ya Waingereza ilipowakusanya watu mahali pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale uliokuwa ukienezwa na mbung'o. Mengine ni ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Basi, lile pori alilolichora yule msichana halikuwa pori tu. Lilikuwa kitabu cha habari za kwetu, nasi hatukujua kukisoma.

Alama za kale kuliko zote tulizozipata zilizochorwa na mikono ya watu karibu nasi si picha za karatasi. Ni mistari juu ya vyungu. Mto Ruchugi hutoka katika vilima vya Kasulu, ukaenda kusini hata Uvinza, ambako ziko chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa mambo ya kale, J. E. G. Sutton na Andrew Roberts, walichimba mahali pale. Wakakuta majivu mengi na vigae vingi vya vyungu vilivyotumika kuchemshia maji ya chumvi, tabaka juu ya tabaka. Vigae vya chini kabisa vilionekana kuwa vya miaka kama 1,500 iliyopita, navyo vilikuwa vimepambwa kwa mistari. Wakati wa kiangazi watu walikuwa wakija Uvinza kwa miguu kutoka nchi za kando kando, wakakaa, wakachemsha, wakarudi kwao na chumvi. Hebu fikirini, wasomaji: chungu cha kuchemshia chumvi ni chombo cha kazi ngumu, chakaa motoni hata kikapasuka. Hata hivyo mfinyanzi hakukubali kukiacha kitupu. Alikipamba.

Sasa tuje kwa wageni walioandika na kuchora. Wa kwanza kutoka Ulaya kufika ziwani na kuandika kitabu walikuwa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, mnamo tarehe 13 Februari 1858. Hawakupita kwetu juu milimani. Walipita kusini, kwa njia ya Uvinza. Burton alikuwa amepooza miguu kwa homa, akabebwa kwa machela. Speke alikuwa akiugua macho. Burton aeleza kwamba, walipofika juu ya kilima, aliona kwanza ukanda mwembamba tu wa maji kati ya miti, akasikitika kwamba amehatarisha uhai wake kwa kitu kidogo hivyo. Lakini aliposogea mbele hatua chache, ziwa lote likamfungukia, na milima ya ng'ambo, naye akajawa na furaha. Speke, mwenye macho mabovu, hakuona ila ukungu na mwanga. Kitabu cha Burton kilipigwa chapa mwaka 1860, na ndani yake imo picha ya rangi ya mtumbwi juu ya ziwa letu.

Twaona kwamba hatua zile chache zina maana kubwa kwa mtu apendaye kuchora. Kama Burton angaliishia pale pa kwanza, angaliandika kwamba Tanganyika ni kijito. Nchi haijionyeshi yote mahali pamoja. Yataka mtu asogee, aizunguke, airudie.

Mgeni wa pili ni Henry Stanley, aliyepita katika Buha mwishoni mwa mwaka 1871, akimtafuta Daktari Livingstone. Habari zake zajulikana na wengi, lakini watu hukumbuka mkutano wa Ujiji tu, wakasahau njia. Alipovuka Malagarasi na kuingia Buha, watawala wa huko walimtoza hongo ya nguo, mara ya kwanza, na tena mara ya pili. Akaambiwa kwamba mbele wako wengine watakaotaka vivyo hivyo. Basi akatafuta kiongozi, akatoroka usiku pamoja na wapagazi wake, wakiacha njia na kushika pori. Ilikatazwa kusema kwa sauti. Mke wa mmoja wa watu wa msafara alipopiga makelele kwa hofu, walimfunga kinywa kwa nguo. Walivuka Ruchugi, wakaenda kwa kujificha. Karibu na mto Rugufu walisikia ngurumo kutoka magharibi, wakaambiwa ni Kabogo, mlima wa ziwani, ambako mawimbi hunguruma ndani ya mapango.

Basi, Stanley alituachia nini juu ya Buha? Alituachia habari za hongo, na usiku, na hofu. Hatusemi kwamba alisema uongo. Lakini mtu atembeaye usiku akikimbia hawezi kuona migomba wala ng'ombe, wala wanawake wakisaga nafaka. Na ile picha mashuhuri ya yeye na Livingstone wakivuliana kofia huko Ujiji ilichongwa na mafundi wa Ulaya ambao hawakuwapo. Wakaichonga kwa maneno waliyoelezwa, kama watoto wetu walivyochora mnazi. Tena hongo ile, ambayo kwake ilikuwa unyang'anyi, kwa wenye nchi ilikuwa haki ya mwenye njia. Kama Mha mmoja angalichora siku ile, labda angalichora msafara mrefu wa watu wenye bunduki ukipita katika mashamba ya watu, wasiotaka kulipa.

Livingstone naye ana jambo moja la kutufundisha. Katika mwaka huo huo wa 1871, alipokuwa Nyangwe katika nchi ya Kongo, karatasi zilimwishia. Hakuacha kuandika. Alichukua gazeti la zamani la Kiingereza, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino alioufanya kwa maji ya mmea wa huko. Akarudi Ujiji nalo. Wino ule ukafifia hata hausomeki tena kwa macho. Miaka kama 140 baadaye wataalamu waliipiga picha karatasi hiyo kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maneno yake yakatolewa wazi yasomwe na wote. Karatasi ile mbovu ilihifadhiwa miaka hiyo yote, nayo ni gazeti lililochafuliwa kwa maji ya mmea. Sisi tulikuwa na karatasi safi ya mtoto, tukawashia moto.

Baada ya hao akaja mtu wa namna nyingine. Edward Coode Hore alikuwa baharia, akatumwa na chama cha misioni cha London, akafika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Hakuja kupita. Alikaa, akalizunguka ziwa kwa mashua, akipima kila hori na kila rasi, na kushuka pwani kuzungumza na wenyeji. Mwaka 1882 ramani yake ya ziwa ilipigwa chapa London, na mwaka 1892 akatoa kitabu juu ya miaka kumi na mmoja ya kazi yake. Wasomaji wataona tofauti: Burton alibebwa, Speke hakuona, Stanley alikimbia, lakini Hore alirudi mahali pale pale mara nyingi. Ramani ni kazi ya vipimo, ni kweli, lakini mstari wa pwani hauchorwi sawasawa na mtu aliyeipita mara moja tu.

Labda mtu atauliza, "Na sisi je? Babu zetu hawakutembea?" Walitembea kuliko wageni hao wote. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kabla yake kila mzigo ulikwenda kichwani au begani mwa mtu. Hata baada ya reli, vijana wa Kibondo na Kasulu walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Wengi walikwenda sehemu ya safari kwa miguu, siku nyingi njiani. Waliiona nchi ya Tanganyika upande kwa upande. Walirudi na nguo, na Kiswahili, na nyimbo. Lakini hatukupata picha hata moja iliyochorwa na mmoja wao. Hawakukosa macho wala akili; wanawake wao waliendelea kusuka vikapu vyenye mapambo ambayo si kila mkono waweza kuyafanya. Walikosa karatasi, tena walikosa mtu wa kuwaambia kwamba waliyoyaona yafaa kuchorwa.

Hapa yatupasa kutoka kwetu kidogo, twende mashariki mpaka wilaya ya Kondoa, kwa maana huko wako watu wa kale wasiongoja kuambiwa. Karibu na Kolo, ukingoni mwa Bonde la Ufa, yako majabali yaliyoinama kama paa la nyumba. Chini yake watu walichora juu ya mwamba: twiga, na tembo, na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa. Picha za rangi nyekundu ndizo za kale zaidi. Rangi yake ilitokana na mawe ya chuma yaliyosagwa. Wengi hudhani kwamba zilichorwa na wawindaji, watu wa jamaa moja na Wasandawe na Wahadzabe. Picha za rangi nyeupe ni za baadaye, na huhesabiwa kuwa kazi ya wakulima. Watu hao hawakuchora mambo ya vitabuni. Walichora wanyama waliowafuata kwa miguu siku nzima, na wenzao waliowinda na kucheza pamoja nao.

Mwaka 1951 bibi mmoja Mwingereza, Mary Leakey, alikaa Kolo pamoja na mumewe Louis, kwa kazi ya kuzinakili picha hizo. Mary alizaliwa mwaka 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, naye alimchukua alipokuwa mtoto kwenda Ufaransa kuyaona mapango yenye picha za watu wa kale. Huko Kondoa walikwenda kutoka mwamba hata mwamba, wakatandaza juu ya picha karatasi nyembamba ionyeshayo, iitwayo selofeni, wakafuata kila mstari. Kisha Mary akazichora upya kwa rangi zake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Ni Mary huyo huyo aliyeongoza kazi ya Laetoli, kusini mwa Serengeti, ambako mwaka 1978 ziligunduliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya mlima wa moto, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita.

Katika mambo ya Kondoa, hili ndilo twataka mlishike. Mwaka 2006 picha zile ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO, lakini kuandikwa katika orodha hakuzuii mvua wala moshi. Picha nyingine zimefifia kwa jua na maji. Mahali pengine watu wamechimba chini ya majabali, wakitafuta mali ambayo wadhani Wajerumani waliificha, wakaharibu ardhi yenye habari za maelfu ya miaka. Wachimbaji hao walikwenda pale kwa miguu kama Mary Leakey, wakasimama mbele ya picha zile zile. Lakini macho yao yalikuwa yakitafuta dhahabu, hayakuona kitu kingine. Ndiyo sababu kazi ya yule bibi ni ya thamani: alichokinakili mwaka 1951 chaweza kulinganishwa na kilichobaki leo.

Tena tusiseme kwamba kuchora nchi ni kazi ya wageni, au ya watu wa kale tu. Sam Ntiro alizaliwa Machame, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, aliyewahimiza wanafunzi wake wachore maisha ya vijiji vyao wenyewe. Baadaye alikwenda London, katika chuo cha Slade. Huko mbali hakuchora mitaa ya London ili apendwe. Aliendelea kuchora miteremko ya Kilimanjaro, na migomba, na watu wakifanya kazi kwa pamoja. Picha yake moja ya mwaka 1956 yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Ikanunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa huko New York. Wakumbukeni sasa wale watu wa Stanley, waliotembea usiku katika Buha na kinywa cha mwanamke kimefungwa. Nao hawa wa Ntiro watembea usiku, lakini watembea kwao, wala hawana hofu. Giza ni moja. Aliyeichora nchi kama mwenyeji aliona kitu ambacho mpita njia hakuweza kukiona.

Basi, baada ya kuyapata hayo tuliona aibu, lakini tuliona pia la kufanya. Wakati wa likizo tulikwenda nyumbani kwa yule bibi, tukamwomba msamaha, tukamwomba atuelekeze njia ya kwenda mahame yao. Yeye hakuweza tena kwenda mbali, maana safari ile ya shuleni ilimchosha. Akamwambia mjukuu wake njia yote: mto wa kuvuka, kichuguu cha kukigeukia, mahali pa kupumzika. Tukaondoka asubuhi na mapema, waalimu wawili na watoto saba, pamoja na mjomba wa yule msichana. Tukatembea saa nne. Tulichukua karatasi, na penseli, na makaa ya moto yaliyozimika. Udongo mwekundu tuliukuta njiani, tukaukoroga kwa maji.

Tuliona nini? Tuliona mkuyu, mkubwa kuliko tulivyodhani. Tuliona mawe ya kusagia, yamelika katikati kwa kazi ya miaka mingi, na maji ya mvua yamo ndani yake kama bakulini. Tuliona mahali palipokuwa zizi, kwa sababu majani yake yalikuwa ya kijani zaidi kuliko ya kando. Mtoto mmoja aliokota kigae chenye mistari, akauliza kama ni cha kale kama vile vya Uvinza. Hatukujua, tukamwambia hatujui. Tukamwambia akichore kama kilivyo, kisha akirudishe mahali pake, kwa maana kigae kilichoondolewa mahali pake ni kama neno lililong'olewa katika sentensi.

Watoto walichora mpaka jua likapita utosini. Hakuna hata mmoja aliyechora mnazi. Si kwamba tuliwakataza. Mbele ya macho yao palikuwa na kitu kingine.

Tuliporudi, tulimpelekea bibi picha zote saba. Alizitazama moja moja, karibu sana na macho. Ile ya mjukuu wake aliishika muda mrefu kuliko nyingine. Kisha akaweka kidole juu ya jiwe moja, akasema, "Hili halikuwa hapa. Hili lilikuwa mlangoni kwa mama yangu. Nani amelisogeza?" Hatukujua ni nani. Lakini mjukuu alichukua penseli, akaandika pembeni maneno hayo ya bibi yake, na jina la mama yule, ambalo hata mjomba wake hakuwa amelisikia. Hivyo picha moja ikaleta jina la mtu aliyekuwa amekwisha sahauliwa na wote ila mtoto wake.

Wasomaji wetu, hatuwaambii kwamba kila mtoto atakuwa mchoraji kama Ntiro. Twawaambia jambo jepesi. Wazee waliozaliwa katika mahame yale wanapungua kila mwaka. Miti inakatwa, mawe yanasogezwa, mashamba mapya yanalimwa juu ya makaburi yasiyo na alama. Sisi waalimu, na ninyi wazazi, twaweza kufanya haya: siku za kiangazi tuwachukue watoto, twende nao kwa miguu mahali pa kale palipo karibu nasi, iwe hame, au chemchemi, au njia ya zamani ya kushukia ziwani. Wachore wanachokiona, kwa penseli au kwa makaa. Nyuma ya karatasi waandike tarehe, na jina la mahali, na jina la mzee aliyewaeleza. Kisha picha irudishwe kwa mzee, aisahihishe. Mwisho iwekwe katika sanduku lisiloingiwa na mchwa wala maji.

Na ninyi waalimu wenzetu, mtoto akiwaletea picha isiyo na nyumba wala watu, msifanye haraka kuandika alama. Mwulizeni kwanza ni wapi, na nani alimweleza. Zile picha saba tumezihifadhi shuleni katika sanduku la bati, nasi tumemwahidi bibi kwamba ndugu zake wakija wataonyeshwa. Mwezi uliopita walikuja wawili, kutoka upande wa Kasulu.